Ziwa Kivu ni meza moja: nani anakula mbele, nani anabakia na njaa?

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama na watoto wenye munabakia Goma wakati papa iko ku karieri, leo hatuzungumuze juu ya bei ya koltani wala juu ya barabara. Tunazungumuza juu ya sahani yetu. Tunazungumuza juu ya sambaza.

Hapa Mapendo ziwa haiko mbali. Familia mingi zenye zinangojea feza kutoka Rubaya, Numbi ao Walikale zinaishi na bugari, sombe na sambaza, kwa sababu nyama ya ngombe ni ya siku ya furaha. Na sambaza kavu zinapanda tena na wachimbaji mupaka ku karieri: ni nyepesi, hazioze haraka, na kikopo kimoja kinaweza kuongeza ladha ndani ya sufuria ya watu wengi. Mutu anaweza kusema kama ndani ya kila kiloba cha mawe chenye kinashuka, kuko nguvu kidogo ya sambaza.

Kwa hiyo, wakati watu wanalalamika kama sambaza zimekuwa ndogo ao zimekuwa haba, ile si habari ya wavuvi peke yao. Ni habari ya kila nyumba. Wengi wanajibu haraka: wavuvi wamekuwa wengi sana. Ile jibu iko na ukweli ndani yake, lakini haitoshi. Kuko vita ingine, yenye haina kelele, yenye inafanyika chini ya maji kila usiku: samaki wenyewe wanagombania chakula. Ziwa ni kubwa, lakini meza yake ni ndogo. Na kazi yetu sisi watu, tukitaka kula kesho, ni kujua ginsi ya kupanga wenye kukaa ku ile meza.

Maji mingi, chakula kidogo

Ziwa Kivu iko karibu metre 1,460 juu ya bahari. Upana wake wote ni karibu kilometre za mraba 2,400, na shimo yake inashuka mupaka metre 485. Mutu mwenye kusimama ku fasi ya bandari anaangalia ile maji yote na anasema: hapa samaki hawawezi kuisha. Lakini pale njo tunadanganyika.

Ndani ya ile shimo yote, samaki wanaishi paka ku ngozi ya juu. Kisha metre 60 hivi ya kushuka, oksijeni inakwisha. Kule chini hakuna samaki, hakuna mududu wa maji mwenye samaki anaweza kula. Kuko giza, gazi ya metane, gazi karboni, na chumvi.

Ndiyo, chumvi. Wengi wetu tunajua maji ya Kivu kuwa maji ya kunywa na kuosha vyombo, na tunafikiri chumvi ni ya bahari peke yake. Lakini chini ya ziwa kuko chemchemi za moto zenye zinatoka ndani ya mawe ya volkano na kuleta chumvi. Ku shimo kabisa, litre moja ya maji inaweza kubeba karibu gramu 6 za chumvi. Maji ya bahari inabeba karibu gramu 35, kwa hiyo Kivu si bahari. Hata hivyo ile gramu 6 inatosha kufanya maji ya chini ikuwe nzito kuliko ya juu. Maji nzito inalala chini, maji nyepesi inabakia juu, na hazichanganyike.

Wachimbaji wataelewa ile mambo kuliko sisi wenye kuandika. Kila kitu chenye kinakufa juu, majani, wadudu, samaki, kinashuka na kulala ku shimo. Ile yote ni kama mbolea. Utajiri iko chini, inaonekana katika vipimo vya watafiti, lakini hakuna ngazi ya kuipandisha. Ile chumvi ni kama mulango yenye kufungwa na kadenasi.

Mulango inafunguka kidogo wakati wa kipwa, kuanzia mwezi wa 6 mupaka wa 9. Upepo wa kusini unavuma, maji ya juu inapoa, inachanganyika na maji ya katikati, na sehemu kidogo ya mbolea inapanda ku mwangaza. Pale majani madogo sana ya maji yanaota kwa wingi. Wadudu wadogo wenye macho yetu hayaone muzuri, wenye watu wa masomo wanaita planktoni, wanakula ile majani na wanaongezeka. Kisha samaki wanakula ile wadudu. Kila mwaka meza inajaa hivi, kisha inapunguka tena. Hakuna mutu mwenye anaweza kuongeza chakula ndani ya Kivu kwa kiloba. Chenye tunaweza kupanga ni vinywa tu.

Meza yenye haikukuwa na mutu

Watoto wa leo wanafikiri sambaza ilikuwa hapa tangu wababu. Hapana. Sambaza ni mutoto wa Ziwa Tanganyika. Kati ya mwaka wa 1958 na 1960, Mubeljiki mwenye kuitwa Collart alileta samaki wadogo makumi ya maelfu kutoka Tanganyika na kuwamwanga ndani ya Kivu. Aliwaleta aina mbili za ile familia ya sardini. Moja ilishindwa. Ingine, yenye watafiti wanaita Limnothrissa miodon, ilishika maisha. Ile njo sambaza yetu.

Sababu ya ile kazi ilikuwa ya chakula. Samaki wa zamani wa Kivu, zaidi sana wale wa familia ya haplochromis, wanapenda pembeni: ku mawe, ku majani, ku muchanga, fasi yenye mutu anaweza kuona chini. Wengi wao ni wa hapa tu, hawapatikane fasi ingine ya dunia. Lakini katikati ya ziwa, kule mbali, planktoni ilikuwa inaota na kufa bila samaki wa kuila vya kutosha. Meza ilikuwa yenye kutandikwa, viti vitupu. Sambaza iliingia na kukaa.

Ilikaa vizuri sana. Wavuvi walifunza kufunga mitumbwi tatu pamoja na miti mirefu, kushusha wavu chini, kuwasha taa usiku na kungojea. Planktoni inapanda usiku, sambaza inaifuata, na taa inaziita zote pamoja. Ile maekipe yenye tunasikia wakiimba wakati wa mangaribi wanapotoka, kazi yao inasimama juu ya ile safari ya chakula yenye inapanda na kushuka kila siku.

Lakini mugeni mwenye kula sana anabadirisha nyumba. Kisha sambaza kufika, planktoni ilipunguka. Mududu mumoja wa maji, mukubwa kuliko wengine na mwenye kuonekana kwa urahisi, daphnia, alipotea kabisa. Alikuwa njo nyama tamu ya ile meza, na alikuwa wa kwanza kuisha. Katika mwaka wa 1986, mutafiti wa Ubeljiki Henri Dumont aliandika kwa woga: sambaza zitakula planktoni yote, na kisha zenyewe zitaanguka kwa njaa.

Hazikuanguka. Wakati watafiti walirudia kupima samaki wa ziwa nzima na mashine za sauti kisha mwaka wa 2000, walipata wingi wenye haukukuwa mbali na ule wa miaka ya 1980. Sambaza ilifanya nini ili ibakie? Hapa kuko somo kubwa.

Ginsi sambaza zinajigawanyia fasi

Sambaza hazikule zote fasi moja, saa moja, kitu kimoja. Zile ndogo zinabakia pembeni, maji yenye haiko na shimo kubwa. Zile kubwa zinaenda katikati. Kwa hiyo mutoto na muzazi hawagombanie sahani moja kila siku. Planktoni ikipunguka, zile kubwa zinakula wadudu wenye wanaanguka juu ya maji, na tena zinakula vifaranga vya sambaza. Ndiyo, sambaza inakula watoto wa sambaza. Ni vibaya kusikia, lakini katika ziwa yenye chakula kidogo, ni ginsi moja ya kupunguza vinywa kabla njaa haijaua wote.

Kwa hiyo ziwa iko na sheria zake tatu: fasi, saa, na ukubwa. Mudogo pembeni, mukubwa katikati. Muchana chini, usiku juu. Kila mumoja na chakula cha kinywa chake. Sheria ile ikiheshimiwa, chakula kidogo kinalisha wengi. Ikivunjika, hata chakula kingi hakitoshe.

Mugeni wa mwaka wa 2006

Katika mwaka wa 2006, wavuvi walianza kuona samaki mupya ndani ya nyavu. Ni mwembamba, na juu ya magamba yake kuko madoa yenye kungaa rangi ya buluu sawa vile lulu. Naye ni mutoto wa Tanganyika: Lamprichthys tanganicanus. Anaenda kwa kundi, anaogelea mbio, na anaficha mayai yake ndani ya nyufa za mawe. Mawe haikosekane hapa kwetu. Volkano ilitupatia mingi.

Watafiti wa Bukavu walifanya kazi yenye inaonekana ya kijinga lakini si ya kijinga: walifungua matumbo ya ule mugeni na matumbo ya sambaza, wakaangalia kila mumoja alikula nini. Pembeni ya ziwa, mugeni anakula vitu vya namna mingi, na wadudu wa inje ni wengi ndani ya tumbo yake. Pale mashindano na sambaza si kali. Lakini akienda katikati, anakula planktoni ile ile yenye sambaza inakula. Kule njo wanakutana ku sahani moja.

Kwa hiyo swali si tu: huyu mugeni ni muzuri ao mubaya? Anakulika, na watu wanamuuzisha. Swali ni: anakula wapi, na nani anakosa juu yake?

Somo la wenye kufuga samaki ndani ya kioo

Ule samaki wa madoa ya buluu anajulikana mbali. Ku Ulaya watu wananunua aina yake kwa kumuweka ndani ya akwariumu, ile sanduku ya kioo yenye maji, kwa kupendezesha salo. Wale watu, wenye hawavue hata samaki mumoja wa kula, wamejifunza mambo mingi juu ya mashindano ya chakula, kwa sababu sanduku yao ni ndogo na kosa linaonekana kesho yake asubui.

Wenye kazi ngumu kupita ni wale wa akwariumu ya maji ya chumvi. Wanaweka pamoja viumbe vya bahari vyenye havifanane hata kidogo. Ku pwani ya Kenya kuko watu wenye kazi yao ni kupiga mbizi na kukamata samaki wa rangi wakiwa wazima, kisha wanapandishwa ndege kwenda kuuzishwa ngambo. Mukifika ndani ya kioo, mutakuta samaki wa mbio mwenye anakula kila kitu kwa sekunde chache. Farasi-bahari, samaki mwenye kichwa kama cha farasi, mwenye anaenda polepole na hana tumbo la kutunza chakula, kwa hiyo anapaswa kula kidogo kidogo mara mingi kwa siku. Uduvi wenye kutembea chini. Na ua la bahari, mnyama mwenye kushikamana na jiwe, mwenye anangojea chakula kimufikie.

Ukimwanga chakula fasi moja, samaki wa mbio anakula yote. Farasi-bahari anafika sahani ikiwa tupu. Ukisema basi niongeze chakula, samaki wa mbio anashiba kupita, masazo inaanguka, inaoza, maji inageuka sumu, na wote wanakufa, hata mwenye kushiba. Hii ni jambo la kushika: njaa ya mumoja haiponeshwe na kuongeza chakula cha wote. Inaponeshwa na kupanga.

Wale watu wanapanga ginsi hii.

Kwanza, wanagawanya fasi. Wanatupa chakula ku pembe mbili kwa mara moja. Wenye nguvu wanakimbilia pembe moja, wenye pole wanapata ingine. Kwa wenye kula majani, wanafunga majani ya bahari fasi moja, mbali na wenye kula nyama.

Pili, wanagawanya saa. Wanashibisha kwanza wale wenye kelele, kisha wanalisha wapole. Na wanyama wa usiku wanapata chao wakati taa imezimwa na wengine wamelala.

Tatu, wanapeleka chakula ku kinywa chenyewe. Wanachukua kamrija karefu, wanasimamisha pompe ya maji ili chakula kisipeperuke, na wanaweka polepole mbele ya ua la bahari. Wanangojea kidogo pale, kwa sababu uduvi anaweza kurudi na kunyanganya chakula ndani ya kinywa cha mwingine.

Ine, wanachunga ukubwa na wingi. Hawaweke mukubwa sana na mudogo sana pamoja. Mugeni mwenye ukali anaingizwa wa mwisho, wakati wengine wamekwisha kupata fasi zao za kujificha. Na kama kioo kimejaa, hawaongeze tena, hata kama samaki wa ku soko ni muzuri namna gani.

Muone: ni zile sheria tatu za Kivu, fasi, saa na ukubwa. Tofauti ni moja. Ndani ya kioo kuko mutu mwenye kuchunga. Ndani ya ziwa, muchungaji ni nani?

Ku Kivu, muchungaji ni wavu na soko

Sisi hatuwezi kushika sambaza mumoja mumoja na kumuambia akule wapi. Lakini kila mara wavu unashuka, mutu anachagua nani atoke ku meza na nani abakie. Kwa hiyo wavu njo mukono wa muchungaji. Ukivuta zile kubwa zenye zimekwisha kuzaa, unafungulia ndogo fasi ya kukomaa. Ukivuta ndogo, unabakiza wakubwa wenye kula sana, na hakuna wa kuwafuata.

Pembeni ya ziwa, pale watoto wa sambaza wanakaa, njo pale pia watu wanaingia na musikitere. Musikitere ulitengenezwa kwa kuzuia mbu. Tundu zake ni ndogo kiasi kwamba hakuna kifaranga chenye kinapita. Ukiuvuta ku maji ya pembeni, unapata kilo kidogo, kikombe cha vidude vyeupe vyenye macho tu, lakini ndani ya kile kikombe kuko samaki wengi kuliko ndani ya beseni ya sambaza zenye kukomaa. Unavuta pia watoto wa haplochromis wa Kivu, wenye hawana ziwa ingine ya kukimbilia.

Tunajua kwa nini watu wanafanya vile. Mutu mwenye hana mutumbwi, hana taa, hana batiri, na watoto wanalia, atachukua chenye iko karibu. Hatumuite mwizi. Ni sawa na mwenye kuchimba nguzo za shimo kwa sababu ndani yake kuko madini: anapata leo, na kila muchimbaji anajua chenye kinafuata. Lakini tunapaswa kusema wazi kama mara mingi mwenye kumusukuma ni sisi wenye kununua. Kifaranga kisingekuwa na munuaji, musikitere ungerudi juu ya kitanda.

Sheria ya saa nayo iko. Upande wa Rwanda, ziwa ni ile ile moja, na kila mwaka serkali inasimamisha uvuvi wa sambaza kwa muda, mara mingi miezi miwili, ili samaki wazae na wakomae. Samaki hajue mupaka. Upande mumoja ukipumzisha na mwingine usipopumzisha, mwenye kupumzisha anasikia njaa ya bure. Ile ni kazi ya wakubwa wa inchi zote mbili kupatana, na ni haki ya watu wa Goma kuuliza waliifikisha wapi.

Mwezi nao unasaidia bila kulipwa. Wakati wa mwezi mupevu, mwangaza unajaa juu ya ziwa nzima, taa ya muvuvi inapoteza nguvu, na maekipe mingi inapumzika. Mama mwenye kununua anajua zile siku: sambaza mbichi inakuwa haba na bei inapanda. Tunazilaani, lakini zile siku ni kama Siku ya Mungu ya samaki. Ni vizuri kuweka pembeni kikopo cha sambaza kavu kabla mwezi haujajaa, kuliko kununua vifaranga kwa sababu ya haraka.

Na ule mugeni wa madoa ya buluu? Hakuna mutu mwenye atamutosha ndani ya Kivu leo. Lakini ndani ya kioo, wakati mumoja anakula kupita, wanamupunguza. Huyu tunamupunguza kwa kumula. Ni samaki wa kukaangwa sawa wengine. Kila mara tunamununua yeye mwenye kukomaa pahali pa kifaranga cha sambaza, tunatosha kinywa kimoja ku meza na tunaacha mutoto akomae.

Na ku parseli yetu?

Kuko familia zenye feza ya karieri inawasaidia kujaribu kufuga samaki nyumbani. Goma si fasi ya kuchimba bwawa kwa urahisi. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya muji mupaka ndani ya ziwa, na makartie mingi iko juu ya mawe meusi. Kwa hiyo mutu anajenga beseni ya simenti ao anatandika bashi, anaweka tilapia. Kisha miezi fulani anashangaa: watatu ine wamekuwa wakubwa, wengine wote wamebakia kidole. Anafikiri chakula ni kidogo ao kuko mutu mwenye kumuroga. Hapana. Ni ile vita ya meza.

Sheria ni zile zile. Uanze na tilapia za ukubwa mumoja. Kisha muda, uchambue: wakubwa beseni yao, wadogo yao. Kama beseni ni moja, ukate katikati na wavu. Umwange chakula fasi mbili ao tatu, kidogo, mara mbili ao tatu kwa siku, saa ile ile. Wakianza kukiacha, usiongeze hata konzi moja, kwa sababu masazo inaoza na kula oksijeni. Ukikuta asubui samaki wote wako juu wanafungua vinywa, wanatafuta hewa, si chakula: badirisha maji haraka.

Ukumbuke pia kama tilapia inaanza kuzaa ingali ndogo. Beseni ya samaki kumi inakuwa ya mamia, na wote wanakonda. Kwa sababu ile wafugaji wengi wanatenga dume, zenye zinakomaa mbio kuliko jike. Na kambale? Ni muzuri, anavumilia maji mubaya, lakini kambale mukubwa anakula ndugu yake mudogo bila haya. Kwake, kuchambua ukubwa si mashauri, ni lazima, na mara mingi.

Hata mwenye kuku tano tu anaweza kujaribu leo: badala ya sahani moja ya chakula, aweke mbili, moja kila upande wa parseli. Jogoo hawezi kusimama fasi mbili. Kesho ataona yule kuku mwembamba naye anakula.

Chenye tunaomba kila nyumba

Papa mwenye iko ku karieri hawezi kuchunga ziwa. Lakini anaweza kuambia mama wa nyumba mambo mawili ku telefone, na mama anaweza kuyafanya bila feza ya kuongeza. La kwanza: vifaranga vyeupe vya musikitere, tusivinunue, hata kama vinauzwa bei ya chini. Pahali pake tuchukue sambaza zenye kukomaa, hata kikopo nusu, ao ule mugeni wa buluu. La pili: tununue kavu wakati wa kipwa na wakati ziwa inatoa sana, tuitunze fasi kavu, ili siku za mwezi mupevu zisitukute mikono mitupu.

Wamama wenye kuuzisha nao wako na sauti kubwa. Wakiambia muvuvi wa pembeni kama kile kikombe hakina munuaji ku meza yao, ataelewa mbio kuliko akisikia sheria kutoka ku biro. Na makomite ya wavuvi yanaweza kuonyesha wazi fasi za pembeni zenye samaki wanazalia, ili hata mutoto wa Mapendo mwenye kuenda kuogelea ajue: hapa tunaacha watoto wa sambaza wakule kwanza.